Nondo ya Mwanne

Haya alinisimulia Mwanne mwenyewe, rafiki yangu wa Nyarugusu, kule kwenye machimbo ya dhahabu, na Mwanne si mtu wa kutunga.

Fuko walikuwa wamemchosha. Kila asubuhi anakuta vifusi vipya vya udongo bustanini na viazi vimetafunwa kutoka chini. Sumu hakutaka, ana kuku. Bwana shamba akamwambia, "Usiwaue, mama. Chomeka nondo ardhini, uigonge kila jioni. Hakuna kitu fuko anachokichukia kama mtetemo. Watahama wenyewe."

Akagonga wiki nzima. Wapi! Vifusi vikaongezeka.

Siku ya nane, saa kumi jioni, uvumilivu ukamwishia. Akaishindilia nondo mpaka ikazama urefu wa mkono, akaigonga mara tatu kwa hasira.

Chini kukagongwa mara tatu.

Akadhani ni wachimbaji, lakini upande ule hakujawahi kuchimbwa hata duara moja, yaani shimo la dhahabu. Akagonga mara tano. Zikarudi tano, taratibu, kama za mtu aliyechoka.

"Hamieni kwingine basi!" akafoka. "Viazi mmenimalizia, sasa mnanichezea shere?"

Kisha nondo ikaanza kutikisika mkononi mwake, kidogo kidogo, kama kuna anayeishika kwa chini. Akaing'oa kwa nguvu zake zote.

Ncha iliyotoka ardhini ilikuwa imefungwa kipande cha kanga, mafundo mawili. Mwanne akaligusa la pili. Lilikuwa limekazwa kwa meno, na mate yalikuwa hayajakauka.