Dawa Iliyoganda

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku na binamu yake walifuatana na shangazi, mama wa binamu huyo, hadi maabara ya dawa, wakavaa makoti meupe yaliyowafika miguuni. Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Binamu alikuwa na kigugumizi, na likizo ile alitaka kitu kimoja tu: mama yake asimkataze kuingia maabara.

Siku hiyo shangazi aliwaonyesha chupa ya maji yenye tindikali na dawa.

"Humu mna minyororo midogo isiyoonekana kwa macho," alisema. "Kila mmoja una nusu mbili. Moja inapenda maji siku zote. Ya pili inayapenda yakiwa na tindikali tu. Tukiipunguza tindikali, nusu hiyo inayakimbia maji, minyororo inakusanyika na kuwa vijiduara, na dawa inabaki ndani. Basi dondosheni alkali hii ya kupunguza tindikali, polepole. Haraka haraka haina baraka."

Akaenda kupokea simu. Chiriku alichoka kudondosha, akaimimina yote. Papo hapo yakatokea mabonge meupe kama ya maziwa yaliyoharibika.

"Nani kafanya hivi?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Binamu," Chiriku akajibu upesi.

"Si-si-si..."

"Si-si-si mimi," Chiriku akamwigiza. "Shangazi, tutalala hapa tukimngoja amalize neno?"

Shangazi akacheka. Kicheko hicho kilimchoma mtoto kuliko adhabu.

"Vua koti, kakae nje. Na kesho usije."

Binamu akalikunja koti vizuri, akatoka analia.

Shangazi akatia tindikali tena. Mabonge yakayeyuka, maji yakatakata.

"Kumbe yanarudi?" Chiriku akashangaa.

"Yanarudi. Haya, dondosha wewe."

"Safari hii simimini yote," Chiriku akasema, kisha akatambua kwamba amejifichua.

Ulimi hauna mfupa. Shangazi alimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Walimkuta Binamu kwenye ngazi, wote wawili wakamwomba radhi. Alirudi, akavaa koti, akadondosha tone moja moja mpaka maji yakawa na ukungu mwepesi wa samawati. Vijiduara vilikuwa vimejiunda. Lakini hakufungua kinywa siku nzima.

"Nisemeshe basi," Chiriku akamsihi.

"Mwache," shangazi akasema. "Ungesema kweli, kosa lako lingeyeyuka na mabonge yale. Lakini kicheko tulichomcheka, mimi na wewe, sina tindikali ya kukiyeyusha."