Alama za Kushuka

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Sisimizi alifagia sakafu ya saluni ya mama yake, akaosha vitana kwa maji ya sabuni na kukunja taulo. Kisha alivaa viatu vyake vya zamani vya shule, akafunga kamba mara mbili, akasimama mlangoni akichezesha miguu.

"Nenda basi," mama yake alisema huku akicheka, "kabla hujanichimbia shimo hapo mlangoni."

Sisimizi halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo na watu wa Chama cha Njia za Mlimani siku walipomwona akikokota ndoo ya mchanga iliyokuwa nzito kuliko yeye. Chama kilikuwa na walimu, wauza duka, madereva na watoto wachache wa shule. Hakuna aliyelipwa. Walifyeka vichaka, walichimba vijifereji ili mvua isiile njia, walikarabati vidaraja vya mbao, na walipaka alama nyeupe kwenye miti na mawe ili watembeaji wasipotee. Kiongozi wao alikuwa fundi bomba mwenye kitambi na masharubu, aliyependa kusema kwamba shida zote za dunia huanza na maji yaliyokosa pa kupita.

Rafiki yake Sisimizi aliitwa Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki. Walikuwa wakikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mmoja akiumwa tumbo, mwingine aliomba ruhusa ya kumsindikiza.

Mwezi ule Fundi aliwapa wasichana hao wawili kipande chao wenyewe, kutoka kidaraja cha mbao hadi kibanda cha kupumzikia kule juu.

"Sikilizeni," aliwaambia huku akiwakabidhi kopo la rangi. "Anayepanda anaona upande mmoja wa mti. Anayeshuka anaona upande wa pili. Mkipaka alama za kupanda peke yake, mtakuwa mmempeleka mtu juu na kumwacha huko huko. Na mkimaliza, mtembee kipande chote pamoja, kupanda na kushuka, mkague. Mimi nitamuuliza Sisimizi, na Sisimizi atanijibu. Sawa?"

"Sawa, Fundi!"

"Redio, hujasema kitu. Betri zimeisha?"

"Zimejaa, Fundi!" Redio alijibu, na wote wakacheka.

Jumamosi iliyofuata walianza kazi mapema. Redio alitangulia akisugua magome na mawe kwa brashi ya waya, na Sisimizi alimfuata akipaka alama za kupanda. Walipofika kibandani, jua lilikuwa limesimama utosini. Sasa ilikuwa zamu ya Redio kupaka alama za kushuka. Lakini Sisimizi alikuwa ameahidi kurudi mapema kumshika mdogo wake, maana saluni ilikuwa na bibi harusi na wapambe wake wote.

"Wewe nenda," Redio alimwambia. "Pita barabara ya magari, ni ya mkato. Mimi nitamalizia."

"Peke yako? Na kukagua je?"

"Kwani mimi ni mtoto mchanga? Nenda bwana, mama yako asije akanilaumu."

Sisimizi aliondoka mbio. Jioni, Redio alipita saluni akiwa na kopo mkononi. Aliligeuza juu chini, lisidondoshe hata tone. "Nimemaliza hadi kidarajani," alisema. Sisimizi alimkumbatia.

Kesho yake Fundi alisimamisha baiskeli yake mbele ya saluni. "Kipande chenu vipi? Mmekagua?"

Sisimizi alisita kidogo. Kisha akaliona lile kopo tupu akilini mwake. "Ndiyo, Fundi. Tumekagua."

Siku ya kufungua njia, familia zote zilialikwa. Mama yake Sisimizi, ambaye hakuwahi kufunga saluni Jumamosi hata akiwa na mafua, alifunga siku hiyo, akavaa viatu vya raba vya kuazima, akamwachia jirani mtoto. Sisimizi alipangiwa kukaa kidarajani na kugawa maji kwa watembeaji. Alimpungia mama yake mkono hadi alipopotea kwenye miti.

Mchana watu walianza kurudi, wekundu wa vumbi, wakisifu upepo wa kule juu. Sisimizi aliwapa maji mmoja baada ya mwingine. Mama yake hakuwemo.

"Alibaki kibandani," mke wa dereva mmoja alimweleza. "Kiatu kilikuwa kinamchubua kisigino. Sisi tulikuwa tunashuka na watu wa chama; tulitaka kumsubiri, akatufukuza. Akasema, 'Nendeni tu. Njia hii ni ya mwanangu, siwezi kupotea.'"

Sisimizi alicheka kwa fahari. Akajaza kikombe cha mama yake, akakiweka pembeni kivulini. Watu wakaisha. Jua likaanza kuinama. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Fundi alipuliza filimbi na kugawa watu wa kumtafuta. Walimpata kwenye korongo, chini ya machimbo ya zamani ya mawe. Pale penye jiwe kubwa, njia hukata kushoto, lakini kinjia cha zamani cha machimbo hunyooka mbele. Anayepanda hakioni. Anayeshuka hukiona hicho kwanza. Mama alikifuata, akateleza, kifundo cha mguu kikageuka. Alikuwa ameita hadi sauti ikakauka. Fundi na yule dereva walimbeba mikononi hadi kidarajani, na kifundo kilikuwa kimevimba kama boga dogo.

"Pale kwenye jiwe hakuna alama ya kushuka," Fundi alisema huku akifuta jasho. Hakuwa na utani hata kidogo. "Ipo moja tu, kwenye mti wa juu kabisa, kisha hakuna nyingine hadi hapa. Nani alipewa alama za kushuka?"

Sisimizi alimgeukia Redio, aliyekuwa amesimama kando yake, akisubiri aseme kulikuwa na makosa, pengine mvua ilifuta, pengine kuna kitu hakuelewa.

"Ni yeye," Redio alisema haraka, akimnyooshea kidole. "Mimi nilipaka za kupanda. Za kushuka zilikuwa zake."

Sisimizi alisogea hatua moja. Alimtazama Redio usoni, uso aliouzoea kuliko uso wake mwenyewe, na Redio akatazama kamba za viatu vyake.

"Sisimizi," Fundi alisema kwa sauti ya chini, "si uliniambia mmekagua?"

Sisimizi aliinamisha kichwa. Kwa sababu hilo lilikuwa kweli. Alisema.

"Basi utapumzika kwanza. Brashi zako nitazichukua mimi."

Wiki ile shuleni ilikuwa ndefu. Jumatatu Redio alihamia dawati la nyuma, karibu na dirisha, akaacha upande wake ukiwa mtupu. Wakati wa mapumziko alikuwa katikati ya kundi, akisimulia kwa mikono yote miwili. Sisimizi alipopita, kicheko kilikatika ghafla, na mvulana mmoja akasema, "Jamani, msimfuate huyo, mtaangukia korongoni!"

Wakacheka. Redio hakucheka, lakini hakuwanyamazisha pia. Na hilo ndilo lililomuuma Sisimizi zaidi. Utani wa yule mvulana angeweza kuusahau. Lakini Redio aliujua ukweli wote, na alikuwa amesimama pale, amenyamaza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Jioni alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti cha saluni, mguu juu ya stuli, akimsuka mteja aliyeketi mkekani. Sisimizi alisubiri mteja aondoke. Kisha akalia hadi mabega yakatikisika.

"Sikuwa mimi, mama. Alikuwa yeye. Alisema amemaliza, nikamwamini."

Mama alimwacha alie. "Nakuamini," alisema. "Lakini Fundi alisema ulimwambia mmekagua. Hilo nalo ni la Redio?"

Sisimizi alijifuta machozi kwa taulo.

"Umemwambia Fundi kwamba hukukagua?"

"Nikimwambia hilo, ataona kosa ni langu lote. Na Redio atafurahi."

"Muache Redio na furaha yake. Wewe anza na lako. Lake si lako kulibeba wala kulitangaza."

Haikuwa rahisi. Alizunguka karakana ya Fundi mara kadhaa, akijifanya anatazama mabomba yaliyoegemezwa ukutani, mpaka Fundi mwenyewe akamwita ndani. Fundi alikuwa amelala chini ya sinki, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nishikie hiyo spana. Sema."

"Nilikudanganya," Sisimizi aliiambia ile miguu. Ilikuwa afadhali kuliko kuuambia uso. "Siku ile niliondoka mapema. Sikukagua. Nilisema tumekagua kwa sababu... kwa sababu rafiki yangu aliniambia amemaliza."

Miguu ikatulia. Fundi akajivuta, akakaa, ana tope puani. "Na alama za kushuka? Ni wewe?"

"Hapana. Lakini sikuwepo. Ninachokijua ni kwamba sikukagua."

Fundi alifuta mikono kwa tambara. "Asante," alisema. Hakumrudishia brashi. Hakusema atafanya nini. Lakini Sisimizi alipotoka nje, alihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana.

Ijumaa alasiri mlango wa saluni ulifunguliwa, na Redio akaingia akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa na nywele zilizofumuliwa, na mama yake alikuwa amemtuma asukwe, kama kila wiki mbili. Sisimizi, aliyekuwa akikunja taulo, aligeukia ukuta. Alitamani mama yake aseme, "Leo tumefunga."

"Karibu, mwanangu," mama yake alisema. "Njoo ukae hapa chini, mimi siwezi kusimama."

Redio alikaa kwenye mkeka, karibu kabisa na ule mguu uliofungwa bandeji. Mama alianza kugawanya nywele kwa kitana, taratibu, kama alivyofanya siku zote. Alimuuliza kuhusu mitihani. Alimuuliza hali ya bibi yake.

"Nikikuumiza useme," alisema.

"Sawa, mama."

"Unajua, kule korongoni nilikuwa naogopa nyoka," mama aliendelea, vidole vikisuka. "Lakini zaidi nilikuwa namuwaza yule mtoto mdogo. Nikajisemea, nisipopatikana leo, nani atamlaza? Inua kichwa kidogo. Hapo hapo. Nikawa naimba ili nisilie."

Redio aliinamisha kichwa tena. Mama hakuacha kusuka.

"Niliimwaga," Redio alisema kwa sauti ndogo.

"Uliimwaga nini, mwanangu?"

"Rangi. Nilipaka mti mmoja tu. Wasichana wakubwa wa shuleni walipita wakienda maporomokoni kupiga picha, wakaniita. Niliogopa wasije wakaondoka bila mimi. Halafu nikaimwaga rangi nyuma ya kibanda, nikampelekea Sisimizi kopo tupu." Sasa alikuwa analia waziwazi, makamasi na yote. "Sikujua ni wewe utakayepotea!"

Sisimizi aligeuka. Maneno aliyoyabana wiki nzima yakamtoka. "Kwa hiyo angepotea mama wa mtu mwingine ingekuwa sawa? Na mbona ulininyooshea mimi kidole? Mimi!"

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa! Nilikuwa nakutazama wewe!"

Mama aliweka kitana chini. "Redio, haya si ya kuniambia mimi peke yangu. Fundi yupo karakana saa hizi."

"Unimalizie kwanza nywele, mama." Alikuwa amesukwa nusu, nusu ya pili imesimama wima kama ufagio.

"Nitakumalizia ukirudi."

Redio alijifuta uso, akasimama. Akapita barabara nzima, mbele ya kundi la wavulana waliokuwa wakicheza mpira, na kichwa chake kile cha nusu kwa nusu, hadi karakana. Wavulana walimcheka kwelikweli. Hakujibu, na hakurudi nyuma.

Jumamosi Fundi aliwapeleka wote wawili kibandani. Alimpa Redio kopo jipya, akampa Sisimizi brashi. Walishuka kimya, mti baada ya mti, jiwe baada ya jiwe. Redio alipotaka kupita mti mwembamba, Sisimizi alimrudisha. Redio alinuna. "Huniamini?"

"Sikuamini," Sisimizi alijibu. "Ndiyo maana tunakagua."

Walipofika kwenye lile jiwe kubwa, walilipaka alama mbili, moja juu ya nyingine, kuonyesha kwamba njia inakata. Rangi ilikuwa bado mbichi waliposikia hatua nyuma yao. Mwanamume mmoja wasiyemjua alikuwa akishuka, begi mgongoni, akipiga mluzi. Wasichana walisogea pembeni, wakazuia pumzi. Mtu yule alifika kwenye jiwe, akalitupia jicho, akakata kushoto. Hata hakuwasalimia. Mluzi wake ulienda ukififia kuelekea kidarajani.

"Mmemwona?" Fundi aliuliza. "Hajui ninyi ni nani, wala hataki kujua. Lakini ameyaweka maisha yake kwenye neno lenu. Redio, anayekwepa kazi akamsingizia mwenzake humuumiza mara mbili, na kidonda cha pili ndicho kinachochelewa kupona. Sisimizi, kumpenda rafiki si kumsemea. Sema ulichofanya kwa mikono yako na ulichoona kwa macho yako, basi. Kama ungeniambia 'sijakagua', mama yako angerudi nyumbani kwa miguu yake."

"Ndiyo, Fundi," walisema pamoja.

Fundi alitangulia. Redio alibaki akichezea kifuniko cha kopo.

"Umenisamehe?" aliuliza.

Sisimizi alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, kwa sababu lilikuwa neno jepesi na lingemaliza mambo. "Bado," alisema. "Lakini Jumatatu upande wako wa dawati utakuwa wazi."

Redio aliitikia kwa kichwa. Kisha, bila neno hata moja, akaliinua kopo, na wakashuka hadi mti uliofuata.