Ini Lililong'aa

Chiumei alikuwa fundi wa kuchora miamvuli ya karatasi katika mji mdogo wa kusini mwa Taiwani. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya karakana yake, akashika brashi, akaanza kuchora maua. Hakuinuka mpaka saa sita mchana. Pembeni yake kulikuwa na jagi la chai ya boga lililochemshwa kwa sukari, tamu sana. Jagi likiisha, alilijaza tena.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, naye alikuwa mwembamba tangu usichana. Mumewe, Tefang, alikuwa mkulima wa figili, mtu mnene ambaye tumbo lake lilifika mlangoni kabla yake. Tefang alipenda kumtania mkewe kwamba akisimama ukutani wateja watadhani ni mwavuli uliokunjwa. Chiumei naye alimjibu kwamba yeye, Tefang, ni mwavuli uliofunguliwa ukakataa kufungwa.

Mwaka huo binti yao, Wenling, aliwaandikisha wote wawili kupimwa afya. Aliwapigia simu kuwakumbusha wasile wala kunywa kitu chenye sukari tangu usiku, ili picha za tumboni zionekane vizuri. Mwishoni alimnong'oneza mama yake kwamba anayemhofia ni baba, kwa sababu ya lile tumbo. Chiumei alimwambia asijali, atampeleka mwenyewe, hata kwa kumvuta.

Asubuhi walifika zahanati. Aliyewapokea ni Daktari Suching, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Tefang alilala kitandani, akapandisha shati. Daktari akampaka jeli tumboni, kisha akapitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Tefang alianza kucheka. Jeli ilikuwa baridi, na kifaa kilimtekenya mbavuni.

Daktari alimwambia atulie, akamweleza kwamba hicho ni kipimo cha altrasaundi. Kifaa hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Mawimbi yanagonga viungo vya ndani na kurudi, na mashine inayageuza kuwa picha. Hakuna sindano wala maumivu.

"Ini lako leo halionyeshi mafuta, mzee," akasema. "Lakini mafuta yakiwa kidogo sana kipimo hiki huweza kutoyaona. Na hilo tumbo bado ni mzigo kwa moyo wako. Lipunguze, na mwakani urudi."

Tefang alishuka kitandani kama bingwa. Kisha Chiumei akalala.

Safari hii daktari alikisogelea kioo cha mashine. Alipitisha kifaa mara ya kwanza, akarudia mara ya pili. Alimwomba Chiumei avute pumzi na kuishikilia. Mwishowe akauliza, "Mama, unakunywa pombe?"

"Hata harufu yake siitaki."

"Basi si pombe. Ini lako lina mafuta, tena si haba."

Chiumei alimtazama daktari, kisha akamtazama mumewe. "Daktari, umechanganya. Mwenye mafuta ni yule pale."

Tefang aliangua kicheko, lakini daktari hakucheka. Aligeuza kioo cha mashine ili Chiumei aone. "Hii ni figo yako," akasema, akionyesha kwa kidole. "Ina rangi ya kijivu. Na hili kubwa juu yake ni ini. Ini lenye afya na figo hukaribiana rangi. Lako linang'aa. Kinachong'aa hivyo ni mafuta."

Baba yake Chiumei alikufa kwa ugonjwa wa ini yeye akiwa na miaka ishirini. Alikumbuka tumbo la baba lilivyovimba na macho yake yalivyokuwa ya manjano. Alijifuta jeli polepole, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimebakiza muda gani?" akauliza.

Tefang aliacha kucheka. Alikuja akakaa karibu naye, akamshika mkono mbele ya daktari, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Daktari Suching alivuta kiti. Alieleza kwamba huenda baba yake alikuwa na virusi vya ini, kwa hiyo wangempima Chiumei damu ili wajue kama naye anavyo. Lakini mafuta peke yake, yakigunduliwa mapema, huweza kupungua na ini likapona. Yakiachwa miaka mingi, ini la baadhi ya watu hupata makovu, na hapo ndipo hatari huanza. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi, ndiyo maana Chiumei hakujua.

"Lakini mimi ni mwembamba," Chiumei akasema.

"Wembamba hauzuii. Niambie, siku nzima unafanya nini, na unakunywa nini?"

Chiumei alianza kusema anakunywa chai kidogo tu. Tefang akamkatiza. "Majagi matatu, daktari. Kazi ikiwa nyingi, manne. Na hainuki."

Daktari alisema sukari ya ziada mwilini ini huigeuza kuwa mafuta, na mwili unaokaa tu hauyatumii. Tefang akauliza kama anunue vile vidonge vya kusafisha ini vinavyotangazwa redioni. Daktari alikataa katakata. Baadhi ya dawa hizo huliumiza ini lenyewe. Dawa ya Chiumei ilikuwa kuacha vinywaji vya sukari, kupunguza wali, kuongeza mboga na samaki, na kutembea kila siku.

Baada ya wiki moja majibu ya damu yalirudi. Hakuwa na virusi, ila sukari yake ilikuwa imepanda kidogo. Siku hiyo Chiumei alikwenda kwenye karakana akiimba.

Lakini kuacha sukari hakukuwa rahisi. Wiki ya kwanza kichwa kilimuuma na alimgombeza kila aliyepita. Maua aliyochora yalipinda, na mteja mmoja akayasifu akidhani ni mtindo mpya. Jagi sasa lilikuwa na chai isiyo na sukari. Kila baada ya nusu saa aliinuka, akatembea hadi kona ya mtaa na kurudi.

Jioni Tefang alimpeleka uwanja wa hekalu, ambako wanawake wa mtaa walicheza dansi kwa muziki wa kipaza sauti. Mwanzoni Chiumei alisimama nyuma kwa aibu. Tefang yeye hakuwa na aibu. Alijitosa katikati, akazungusha kiuno, wanawake wakamshangilia. Chiumei alicheka mpaka machozi, kisha akaingia kumfundisha hatua sahihi. Tangu siku hiyo hawakukosa hata jioni moja. Tefang alilazimika kutoboa mkanda wake matundu mawili mapya.

Miezi saba ilipita, wakarudi zahanati. Chiumei alilala kitandani, safari hii akitazama kioo mwenyewe. Alitafuta figo, akaiona. Akatafuta ini.

"Daktari," akasema, "mbona zinafanana?"

"Zinakaribia kufanana," Daktari Suching akasema, akitabasamu. "Mafuta yamebaki kidogo sana. Endelea hivyo hivyo."

Walipotoka nje njaa ilikuwa imewashika. Waliagiza bakuli mbili za tambi za mchele zenye mboga nyingi. Kabla ya kula, Chiumei alimpigia simu mdogo wake, Fengmei, anayeishi kijiji cha jirani. Alimwambia aende akapimwe ini wiki hii hii.

Fengmei alishangaa. "Mimi tena, dada? Mimi ni kama ufito."

"Ndiyo maana nakupigia," Chiumei akasema. "Usile kuanzia usiku. Kesho nakuja kukuchukua."