Kijiko cha Baba

Ndugu zangu, tulieni niwasimulie habari za nyumba moja ya vyumba viwili ambayo kwa miaka mitatu haikujua ugomvi. Chumba kimoja alilala mzee aliyewahi kuwa tarishi wa posta. Kiharusi kilimnyang'anya mkono na mguu wa kulia, ulimi kikauacha mzito. Chumba cha pili alikaa bintiye, msusi. Mzee akihitaji kitu aligonga ukuta kwa kijiko: mara moja maji, mara mbili kugeuzwa, mara tatu njoo upesi. Binti alikuwa mlangoni hata kabla kijiko hakijatulia. Akimtania alimwita "Baba Ngoma," na mzee alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Mambo yalianza kulegea siku mteja wa binti, dijei mmoja wa kike aliyeitwa Mama Spika, alipomwazima mashine yake ya zamani ya kuchanganyia muziki.

"Usiiogope, mwenzangu," alimwambia. "Hesabu moja mpaka nne. Wimbo wa pili uuingize kwenye moja. Ukiuingiza kwenye mbili, watu watajikwaa ukumbini."

Kazi ile ikamwingia moyoni. Na nani atamlaumu? Mtu ameinamia vichwa vya watu tangu asubuhi, naye anatamani kitu cha kuinua chake. Alijifunza kulinganisha kasi ya nyimbo mbili, kusikiliza unaofuata kwenye hedifoni, kuushusha huu taratibu huku akiupandisha ule.

Lakini masikio yakishazoea kuhesabu, kila sauti huwa ama imo kwenye mdundo ama haimo. Kijiko cha mzee hakikuwemo. Kiligonga kati ya mbili na tatu, binti akapoteza hesabu, nyimbo zikagongana kama sufuria zinazoanguka.

"Baba jamani!" alifoka siku moja. "Unaniharibia mdundo! Huwezi kusubiri wimbo uishe?"

Mzee alimtazama. "Nisamehe, mama," alisema kwa ule ulimi wake mzito. "Sikujua kama umefika pazuri."

Binti aliona haya, ila haya ya dakika mbili tu. Tangu siku hiyo kijiko kikanyamaza, naye, masikini, akafurahi. Alidhani baba amepata nafuu. Hebu niambieni, mgonjwa wa miaka mitatu akinyamaza ghafla, hiyo ni nafuu?

Jumapili moja mchana, kwa mara ya kwanza, alichanganya nyimbo tano bila kukosea hata mara moja. Akavua hedifoni, akakimbilia chumba cha mzee akipiga makofi.

"Baba! Umesikia? Umesikia zilivyoingiana?"

Mzee alikuwa sakafuni, bega limeegemea ukuta. Mkononi alishika kijiko, na kijiko alikuwa amekivisha soksi, akakaza fundo kwa meno, maana mkono ulikuwa mmoja. Ukutani, mahali pamoja palipochubuka, nyuzi za soksi zilikuwa zimenasa kwenye chokaa. Nyuzi nyingi, za siku nyingi. Hakuwahi kuacha kumwita. Alikuwa akimwita kwa namna ya kutomsumbua.

Jirani mmoja muuguzi aliitwa, akamgusa mzee shingoni, kisha akamfumba macho.

"Bado ana joto," alisema. "Hajakaa hapa sana. Hukusikia kitu?"

Msusi aliketi kando ya baba yake akajaribu kulifungua lile fundo. Lilikuwa limelowa mate, na vidole vyake, vinavyofumua hata msuko mwembamba kuliko uzi, vilishindwa. Chumba cha pili wimbo wa tano ulikuwa ungali unaendelea, na hakuna aliyekumbuka kwenda kuuzima.

Majirani walimwambia siku ya mzee ilikuwa imefika. Alikataa kufarijiwa. "Siku yake ilifika," alisema, "lakini mimi sikufika."

FUNDISHO

Msitoke hapa mkilaani muziki. Muziki haukumkosea mtu, na binti yule alistahili furaha yake. Kosa lilikuwa lile neno moja alilofoka. Hakuna mgonjwa anayezaliwa akiona aibu kuomba maji. Ni sisi tunaomfundisha, kwa kuguna, kwa kufoka, kwa kuchelewa makusudi. Naye hujifunza haraka, kwa sababu anatupenda. Kama nyumbani kwako yuko mtu wa namna hiyo na siku hizi hakusumbui, usishukuru. Inuka uende ukamuulize anataka nini.