Pua ya Evanthia

Evanthia alikuwa mwonjaji wa mafuta katika ushirika wa kijiji chetu. Mafuta ya zeituni yakitoka kinuni, yeye hutiliwa kidogo kwenye glasi. Huyapasha moto kwa viganja, huyanusa, kisha huonja. Akisema "Haya mazuri," yanakwenda kuuzwa nje. Akikunja uso, yanakwenda kutengenezewa sabuni.

Mwaka huo mizeituni ilipochanua, pua yake iliziba. Alipiga chafya mfululizo. Macho yakamwasha. Kaka yake Stratos, anayeishi Australia, akamtumia dawa ya kupuliza puani. Maandishi yote ya kwenye boksi yalikuwa ya Kiingereza, na Evanthia hakuyasoma. Alipuliza tu. Pua ikafunguka papo hapo.

"Mungu ambariki Stratos!" alisema.

Maua yakapukutika. Kiangazi kikapita. Lakini ile chupa haikutoka mfukoni mwake. Dawa ilipoisha nguvu, pua iliziba kuliko mwanzo. Basi akapuliza tena. Chupa ikiisha, alinunua nyingine kama hiyo mjini.

"Umeolewa na hiyo chupa, si mimi," mumewe Thanasis alimtania.

"Angalau chupa haikoromi," Evanthia alimjibu.

Utani uliisha mavuno yalipoanza. Siku moja Evanthia alipitisha mafuta, yakamiminwa kwenye tangi kubwa pamoja na mengine. Kesho yake mnunuzi alifungua tangi, akarudi nyuma ameziba pua. Mafuta yalikuwa na uvundo. Tangi zima lilikuwa limeharibika, pamoja na jasho la familia nyingi.

Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Karambelas, alimwita Evanthia kinuni mbele ya watu.

"Mwonjaji asiyenusa tumfanyie nini?" aliuliza. "Mnunuzi atarudi kabla ya Krismasi. Kama hujapona, kazi nampa mpwa wangu."

"Mpwa wako? Yule anayevuta sigara kutwa?"

"Lakini ananusa."

Watu walitazama chini. Evanthia alikwenda nyumbani, akakaa jikoni akilia. Maharage yaliungua motoni na yeye hakujua. Aliyejua ni jirani yake, Mama Polikseni, aliyekuwa uani kwake akianua nguo. Mama huyu alikuwa muuguzi mstaafu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kliniki ya pua na masikio. Aliingia mbio, akaepua sufuria.

"Mwanangu! Nyumba imejaa moshi, nawe umekaa tu?"

"Sisikii harufu yoyote, mama." Evanthia alitoa chupa, akapuliza.

Mama Polikseni alimshika mkono. "Hiyo umeanza kuitumia lini?"

"Tangu mizeituni ichanue."

"Yesu wangu! Lete boksi lake."

"La nini? Ni Kiingereza. Mimi na Kiingereza hatusalimiani."

Mama Polikseni alivaa miwani. Akaweka kidole juu ya neno moja. "Hebu soma hili. Polepole."

Evanthia alifuata herufi moja moja. "Ri... ni... tis." Akasoma tena. "Subiri. Si rinitida hii? Uvimbe wa ndani ya pua?"

"Ndiyo hiyo. Ni neno letu la Kigiriki. Wazee wetu wa kale wakisema *rinos*, walimaanisha ya pua. Waingereza wamelichukua, wakalivalisha tai. Wao huandika *rhin*. Ukiziona herufi hizo mwanzoni mwa neno lao, mara nyingi ujue habari ni ya pua."

Aligeuza boksi, akaandika kwa kalamu: *rhinoceros*.

"Rino... Rinokeros! Kifaru! Pua na pembe!"

"Na hili?" Akaandika *rhinoplasty*.

"Plasti ni kufinyanga. Kufinyanga pua! Ndiyo ile aliyofanyiwa binti wa mwenye hoteli?"

"Mimi simo," Mama Polikseni alisema, akicheka. Kisha akaandika neno refu lililojaza upande mzima wa boksi: *otorhinolaryngologist*.

"Hilo si neno, ni treni," Evanthia alilalamika. Lakini alianza behewa la kwanza. "Oto, sikio. Rino, pua. Laringo, koo. Ni daktari wa masikio, pua na koo!" Akapiga makofi. "Kumbe naogopa nguo zangu mwenyewe kwenye kamba ya jirani!"

"Basi kesho twende kwa huyo daktari. Tazama hapa chini. Wameandika dawa isitumike zaidi ya siku tatu. Dawa hii hubana mishipa midogo ya pua, ndiyo maana hewa inapita. Ukizidisha, mishipa inaizoea. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inavimba zaidi. Chavua, ule unga wa maua ya mizeituni, ilikuuguza mwanzoni. Sasa dawa ndiyo inayokuziba."

Daktari alisema vivyo hivyo. Alimpa dawa nyingine, inayopunguza uvimbe taratibu. Akamwambia aache kupuliza ile ya zamani kwenye tundu moja la pua kwanza, kisha la pili. Pia akamfundisha kusafisha pua kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa.

Haikuwa rahisi. Evanthia alilala ameketi, akihema kwa mdomo. Mara nyingi alitamani kupuliza mara moja tu.

"Nipe chupa yangu!" alimfokea mumewe.

"Nimeitupa," alisema Thanasis. "Nitukane utakavyo."

Asubuhi moja Evanthia aliamka akapiga kelele. "Thanasis! Soksi zako zinanuka kama mzoga!"

Thanasis aliruka kitandani, akambusu mashavu yote mawili.

Siku ya mnunuzi ilifika. Glasi zilipangwa mezani, majina ya wenye mafuta yakiwa yamefichwa. Mpwa wa mwenyekiti alinusa zote upesi. "Zote nzuri," akasema.

Evanthia alizipitia taratibu. "Hii ina majani mabichi. Hii ina nyanya changa, nzuri sana." Kwenye glasi ya mwisho alisimama. Akanusa tena. "Hii hapana. Zeituni zilirundikwa kwenye magunia, zikapata joto, zikavunda."

Mnunuzi alinusa, akatikisa kichwa kukubali. Karani wa ushirika akainua glasi na kusoma jina lililobandikwa chini yake.

"Bwana Karambelas," alisema.

Kinu kizima kililipuka kwa kicheko. Mwenyekiti aliwiva kama nyanya. "Mvua ilinyesha," alinong'ona. "Magunia yalikaa kidogo."

"Yalikaa sana," Evanthia alisema. "Mara nyingine kamua siku ileile."

Mnunuzi alichukua mafuta yote yaliyobaki, akaomba kila tangi la mwaka ujao lipitie puani mwa Evanthia kwanza. Mwenyekiti alivua kofia.

"Kazi ni yako," alisema.

"Najua," Evanthia alijibu. Akatafuna kipande cha tufaha kusafisha ulimi, akanyoosha mkono. "Leteni ya shamba linalofuata."