Onja Kwanza

Ujumbe uliingia kwenye Iridium, simu ya setilaiti, saa kumi na mbili na robo asubuhi.

"Kitenge cha bluu kinapauka saa sita mchana."

Nsimire aliusoma mara moja, akaufuta.

Kwa lugha ya siri ya wapelelezi wenzake, kitenge cha bluu ni kasha la barafu. Ndani yake, chanjo za korona, dozi mia sita, zilizoporwa juzi kwenye gari lililokuwa likienda Fairfield, magharibi mwa Sydney. Barafu ikiisha saa sita, basi. Za kumwagwa.

Ilikuwa Julai 2021. Sydney imefungwa. Mama yake Nsimire, miaka sabini na mmoja, kifua kibovu, alisharudishwa nyumbani mara mbili kwenye foleni ya sindano Fairfield, chanjo zimekwisha.

Na yeye, bintiye, kalala kisiwani!

Mwendo wa saa tatu kwa ndege ndogo kutoka Sydney. Minazi, chandarua cheupe, bahari imenyamaza kama imepewa hongo. Hoteli nzima haina mgeni mwingine. Alikuja jana jioni akijifanya nesi wa tajiri anayenunua mzigo, akalala na kiti kimekaza mlango, bastola ya Glock 19 chini ya mto.

Simu ikatetemeka. Fawzia, bosi wake, mwenyeji wa Tanga aishiye Westmead, Sydney, asiyepoteza neno.

"Umeshajulikana, shoga. Nesi wa kweli kampigia Vénérand alfajiri. Toka."

"Na kasha?"

"Toka kwanza!"

"Bila kasha, sitoki."

Mlango ukagongwa.

Nsimire aliichomeka Glock kiunoni, akafungua. Barazani alisimama Vénérand, mwenye mzigo, suti ya kitani, barakoa kidevuni. Mkono mmoja jagi, mwingine glasi iliyokwisha kujazwa. Nyuma yake Rufus, rubani Mkenya, kabeba kasha la bluu begani.

"Masere, dada yangu, juisi ya maracuja, ya fresh. Kunywa kwanza, halafu tupande ndege. Si tuko batu ba Bukavu, mimi na weye?"

Hapo ndipo alipokosea.

Mtu wa Bukavu hapokei kinywaji kilichomiminwa asipoona. Kule Kongo karuho, sumu ya glasini, imeua mabwana harusi na askari. Mwenyeji huonja kwanza, mbele ya macho yako. Hata mtoto anajua.

"Onja, papa," Nsimire alisema.

"Aa, masere! Na hii Covid? Hatuchangie tena glasi."

"Mimina yako."

"Nimeshiba."

"Saa kumi na mbili asubuhi umeshiba nini? Umande?"

Rufus alicheka. Vénérand hakucheka.

Nsimire alichukua glasi, akamgeukia rubani. "Kaka, una safari ndefu. Kunywa wewe."

"Asante, siste. Koo imekauka kabisa." Rufus aliweka kasha chini, akapokea.

Nsimire hakumtazama Rufus. Alimtazama Vénérand.

Glasi ikapanda. Kidevuni. Mdomoni.

Vénérand hakumzuia.

Kofi la Nsimire liliipiga glasi. Ikapasuka ukutani.

"We! Unanimwagia?"

"Bosi wako alikuwa anakuangalia ufe, kaka. Huamini? Mpe aonje."

Rufus alitazama juisi inayotiririka ukutani. Akalichukua jagi mkononi mwa bosi wake, taratibu, kwa heshima zote.

"Boss, onja basi. Si ni juice tu?"

"Rufus, usisikilize huyu malaya..."

"Onja!"

Mkono wa Vénérand ukazama kotini. Bastola ya Bereta ilitoka nusu tu. Jagi lilishuka kichwani mwake, pwaa! Akalala chini kama gunia la muhogo.

Nsimire alimfunga pingu kwenye nguzo ya baraza, akaipiga teke bastola ikaangukia mchangani.

"Polisi wako njiani kwa boti," alisema. "Kiu ikikushika, juisi imebaki hapo chini. Lamba."

Vénérand alimtemea mate. Hayakufika.

"Sydney, siste?" Rufus aliuliza, kasha tayari begani.

"Sydney. Na ukatize njia."

Saa tano na dakika kumi kasha liliingia kwa mlango wa nyuma wa kliniki, Fairfield. Foleni ilizunguka jengo. Mama alikuwa wa arobaini, amejifunga kitenge, amekasirika.

"Ulilala wapi weye? Guildford, mutaa muzima banakusema!"

"Kazini, mama. Leo hawakurudishi."

Mama alimkagua kuanzia viatu hadi nywele. Akafungua chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akashusha barakoa, akaonja yeye kwanza. Kisha akampa.

Nsimire alikunywa yote, hadi tone la mwisho.

Foleni ilipoanza kusogea, akavaa miwani ya jua, akavuka barabara kuelekea stesheni ya treni.