Chai ya Mzee Jagdish

Haya alinisimulia Celestine, na Celestine si mtu wa porojo. Mwaka wa 2008 alitumwa kwenye kiwanda kimoja cha maziwa Nakuru, ahamishe rekodi za wakulima wa Dundori kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya. Mzee Jagdish aliyeitengenezea programu alikuwa amefariki bila kuacha maelezo hata ya mstari mmoja. Watu wa Akaunti wakamwambia aulize Stoo, wa Stoo wakamrudisha Akaunti. Celestine akachoka kurushwa kama mpira, akawaketisha wote katika chumba cha kompyuta hiyo, kisicho na dirisha.

Kando ya kompyuta kuukuu palikuwa na kikombe cha chai.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mzee," Wasike wa Stoo akajibu. "Tusipomwekea, mashine haiwaki."

"Upuzi! Hebu tufanye kazi."

Walishirikiana mpaka chai ikapoa kabisa. Rekodi ya mwisho ilipoingia kwenye kompyuta mpya, stima ikapotea. Gizani hakuna aliyesogea, lakini walisikia kiti kikiburutwa sakafuni, kisha mtu akifyonza chai polepole.

Stima iliporudi, kikombe kilikuwa kando ya kompyuta mpya. Chai ilikuwa imebaki nusu, na ilikuwa inafuka mvuke.